Mchoraji Aliyeitwa Mwendawazimu

Msomaji mpendwa, kabla sijasema lolote kuhusu sanaa, wacha nikiri kosa langu kwanza. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi huu wangu nimeuficha muhula mzima.

Ilikuwa siku ya kutembelewa, muhula wa pili mwaka jana. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa magari na vikapu. Wenzangu walikuwa wamekaa nyasini wakitafuna kuku, nami nimesimama karibu na lango kama mlingoti wa bendera, nangoja. Mama hakuweza kuja kwa sababu ya kuchuna majani chai, kwa hivyo alimtuma kaka yangu. Kaka alitoka kazini moja kwa moja. Alikuwa amevaa ile suruali yake ambayo ukiiangalia huwezi kujua kitambaa chenyewe kilikuwa cha rangi gani, maana ina buluu ya hoteli, nyekundu ya buchari na kijani ya duka la dawa. Kazi yake ni kuchora mabango. Rafiki yangu mmoja akaniuliza, "Kwani huyo ni nani?" Nami nikajibu bila hata kupepesa jicho, "Ah, huyo ni mtu wa kazi kwetu."

Kaka alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Alisikia.

Hakusema neno. Alinipa chapati, sukari, sabuni na shilingi mia mbili za matumizi, akaniambia nisome kwa bidii, akarudi steji kupanda matatu. Zile chapati nilizila, lakini wallahi zilinikaba koo.

Basi makala haya ni ya kuomba msamaha. Lakini si hayo tu, kwani najua si mimi peke yangu. Katika shule yetu na katika vijiji vyetu, mtu akisema "mimi ni mchoraji" watu humwangalia kama aliyesema "mimi sina kazi". Na akiongeza kwamba hakufundishwa na mtu, alijifunza mwenyewe, basi hapo anakuwa kichekesho kabisa. Mimi nasema tumekosea. Nasema kwamba mchoraji aliyejifunza mwenyewe ana walimu, tena wengi, ila aliwachagua yeye, na anawatii kuliko vile sisi tunavyowatii wetu. Kama huamini, twende pamoja nikueleze habari za mtu mmoja ambaye asili yake si mbali na kwetu.

Mtu huyo ni Sane Wadu. Alizaliwa mwaka wa 1954 huko Nyathuna, Kiambu, na jina lake la awali ni Walter Njuguna Mbugua. Alikuwa amepata kazi za heshima: aliwahi kuwa mwalimu, na aliwahi kuwa karani wa mahakama. Kwa fikira za wazazi wetu, mtu kama huyo ameshafika. Ana meza na kiti, ana mshahara mwisho wa mwezi, na hata akienda sokoni kununua sukumawiki anaitwa "mwalimu". Sasa huyu bwana, katika miaka ya 1980, akayaacha yote hayo akashika brashi. Hakuwa amepitia chuo chochote cha uchoraji.

Watu walisema nini? Walisema ana wazimu. Naye akafanya jambo ambalo mimi kila nikilikumbuka hucheka peke yangu. Alijiita Sane, neno ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mtu mwenye akili timamu! Tangu hapo, kila anayemwita, hata awe adui yake, hana budi kumwita mzima. Anayetaka kusema "Sane ana wazimu" hujikuta amesema "mwenye akili timamu ana wazimu", na mwenye kuchekwa hapo ni msemaji. Wapenzi wenzangu wa Kiswahili, mwalimu wetu wa fasihi akituuliza tena maana ya kinaya, mfano ndio huo.

Lakini msidhani ni utani mtupu. Mimi naona falsafa yake yote imo ndani ya jina hilo. Mtu hachagui vile watu watakavyomwona, lakini anaweza kuchagua jinsi atakavyojiona mwenyewe. Mchoraji asiyekuwa na cheti hana karatasi ya kuonyesha watu kwamba yeye ni mchoraji. Ana kazi yake na neno lake, basi. Asipojiamini, nani atamwamini?

Mimi nilimjua Sane Wadu kupitia kwa kaka. Mwaka wa 2022, nikiwa bado shule ya msingi, taasisi iitwayo Nairobi Contemporary Art Institute ilifungua milango yake jijini Nairobi, na maonyesho iliyofungulia yalikuwa ya kazi za Sane Wadu za tangu miaka ya 1980. Yalipewa jina "I Hope So", yaani "Natumaini hivyo". Mwanzilishi wa taasisi hiyo ni Michael Armitage, mchoraji mzaliwa wa Nairobi ambaye yeye amesomea sanaa huko Uingereza. Hebu fikiria: aliyesoma sana ndiye aliyemtandikia mkeka yule ambaye hakusoma.

Siku hiyo kaka alivaa nguo zake za kanisani. Hata viatu alivipiga rangi. Tulipanda matatu ya kutoka Banana, tukashuka Barabara ya Limuru. Mimi nilitarajia kuona picha za twiga na jua likizama, kama zile za kalenda. Wanyama niliwakuta, ndiyo, lakini walikuwa wananitazama kama watu wanaonijua. Nilikuta watu waliobanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Kwenye picha nyingine rangi ilikuwa nene, imerundikwa juu ya rangi nyingine, hata nikatamani kuigusa kwa kidole.

Nikamwuliza kaka, "Mbona hawa watu hawafanani na watu?"

Akanijibu, "Wewe acha haraka. Simama hapo uangalie. Mtu akiwa na njaa anafanana na nini? Akiwa na hofu je? Huyu anachora kile kilicho ndani, si ile passport ya kitambulisho."

Nilisimama. Sitasema nilielewa yote, la hasha, nilikuwa mtoto. Lakini niliona kitu kimoja ambacho sijakisahau. Mambo yaliyokuwa kwenye zile picha yalikuwa mambo ya kwetu: mifugo, akina mama, watu wa kanisa, umati, watawala na watawaliwa, na yeye mwenyewe akijichora. Sane Wadu hakwenda mbali kutafuta mada. Alichora kijiji, familia, dini na siasa za nchi. Huyo ndiye mwalimu wake wa kwanza: kile kilichoko mbele ya macho yake. Sisi tunapoandika insha tunakimbilia kuandika habari za ndege iliyoanguka baharini, ilhali bahari hatujaiona, na nyumbani tumeacha visa vinavyoweza kumliza mtu.

Mwalimu wake wa pili ni kazi yenyewe. Ukitazama picha zake za mwanzo na zile za baadaye, utadhani ni watu wawili. Za mwanzo zina maumbo ya wazi na mistari inayoonekana. Za baadaye rangi imekuwa nzito, sura zinatokeza na kupotea. Angetaka kuuza tu, angebaki kwenye aina moja iliyopendwa na wanunuzi, akaichapa miaka yote kama chapati. Yeye alibadilika kwa sababu kila picha ilimfundisha jinsi ya kuchora ile iliyofuata. Mwanafunzi wa darasani hubadilika akiambiwa na mwalimu. Huyu alijisahihishia daftari mwenyewe. Je, kati ya hao wawili ni nani aliye na kazi ngumu zaidi?

Mwalimu wa tatu ni wenzake, na hapa ndipo watu wengi hukosea wanapotumia maneno haya "kujifunza mwenyewe". Wanadhani maana yake ni kujifungia chumbani peke yako. Katika miaka ya 1980 na 1990 palikuwapo jijini Nairobi jumba la maonyesho lililoitwa Gallery Watatu, ambalo lilianzishwa na wasanii watatu mwishoni mwa miaka ya 1960, ndiyo sababu ya jina hilo. Lilipokuwa chini ya uongozi wa Ruth Schaffner, aliyefariki mwaka wa 1996, liliwafungulia mlango wachoraji wengi ambao hawakupitia chuoni, na Sane Wadu alikuwa mmoja wao. Leo jumba hilo halipo tena. Kisha mwaka wa 1995 wachoraji wa kijiji cha Ngecha na majirani zao waliungana wakaunda chama chao, Ngecha Artists Association, na Sane Wadu akiwa miongoni mwa waanzilishi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Pale kijijini mtu aliweza kumwonyesha mwenzake picha na kuambiwa, "Hapa umeharibu, bwana," bila kulipa karo.

Tena wasichana wenzangu sikieni hili. Mkewe, Eunice Wadu, naye ni mchoraji. Hakupitia chuo, alianzia hapo nyumbani. Waliishi na kufanya kazi huko Naivasha, mume na mke, kila mmoja na picha zake. Kwa hiyo yule aliyeitwa mwendawazimu kwa kuacha ualimu, ualimu haukumwacha. Hata nyumba yake iligeuka darasa.

Pengine msomaji atasema, "Ah, huyo ni mmoja tu. Mmoja si hoja." Basi nikuongezee wengine wawili kutoka kwa majirani zetu.

Wa kwanza ni Jak Katarikawe, mzaliwa wa Kigezi nchini Uganda, ambaye aliishi na kuchora Nairobi kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka wa 2018. Masomo ya shule hakuyapata, na aliwahi kufanya kazi ya udereva. Yeye alichota kwenye ndoto zake na kwenye ng'ombe wa kwao. Ng'ombe wake wanapendana, wanaonana wivu, wana huzuni na furaha kama sisi. Mtu aliyekulia kwa wafugaji anajua kwamba huo si uongo. Nyumbani tuna ng'ombe mmoja, na mama anajua akiwa amenuna kabla hata ya kufika boma.

Wa pili ni Edward Saidi Tingatinga. Huyu alizaliwa mwaka wa 1932 upande wa Tunduru, kusini mwa Tanzania, akafanya vibarua mashambani na mijini kabla ya kuanza kuchora Dar es Salaam mnamo mwaka wa 1968. Vifaa vyake vilikuwa nini? Mbao nyembamba za kuezekea dari, na rangi ya baiskeli. Basi. Rangi ya baiskeli inang'aa na haiogopi mvua, kwa hivyo picha zake zikang'aa hivyo hivyo. Mnyama mmoja anajaza ubao mzima, madoadoa na mistari yake imepangwa kama ushanga. Kile ambacho mwingine angekiita umaskini wa vifaa, kwake kikawa mtindo. Aliuza picha zake nje ya Morogoro Stores, mtaa wa Oyster Bay, akawafundisha jamaa zake, na mwaka wa 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alichora kwa miaka minne hivi tu! Leo mtindo huo unaitwa kwa jina lake, na mwaka wa 1990 waliofuata nyayo zake waliunda chama cha ushirika chenye jina hilo. Nenda Mombasa au Nairobi popote wanapouza vitu vya watalii, huwezi kuukosa.

Sasa, mimi si wa kusifu tu. Kuna maneno ya upande wa pili ambayo ni haki kuyajibu.

La kwanza, wengine husema sanaa bila shule ni bahati nasibu, na kwamba wakubwa wa sanaa ya Afrika Mashariki walipitia Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji mwaka wa 1937. Ni kweli. Elimo Njau, kwa mfano, alisomea huko, na mwaka wa 1965 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali ambapo vijana wengi wamehimizwa wasiige bali wabuni. Mimi sipingi shule. Ningepingaje na mimi ni mwanafunzi? Shule inakupa kwa mwaka mmoja kitu ambacho ungekitafuta kwa miaka kumi: jinsi ya kuchanganya rangi, jinsi ya kuchora umbali, habari za waliotangulia. Ninachokataa ni ile dharau. Mwaka wa 2021, Michael Armitage alipofanya maonyesho yake katika Royal Academy jijini London, alipeleka pia kazi za wachoraji wengine sita wa Afrika Mashariki. Miongoni mwao alikuwemo Elimo Njau wa Makerere, na walikuwemo Katarikawe na Sane Wadu ambao hawakupitia chuoni. Walitundikwa chini ya paa moja. Ukuta hauulizi cheti.

La pili, wanasema kila anayeweza kushika brashi sasa atajiita msanii. Hili nalo lina ukweli, tena linatuhusu. Kuna mtu anayeiga picha ya mwenzake mara mia, akibadilisha jina tu chini ya picha, halafu anasema alijifunza mwenyewe. Huyo hajajifunza, amenakili. Tunamjua hata darasani: ndiye anayekariri misemo ishirini ya insha na kuitia kila mahali, "kucha kutwa", "hamadi kibindoni", hata kama insha ni barua ya kuomba kazi. Kujifunza mwenyewe kuna gharama. Lazima ukosee hadharani, urudie, uchekwe, urudie tena.

La tatu, ndilo la baba: sanaa hailipi. Hapa sina jibu la kufurahisha. Tingatinga alikufa kabla ya jina lake kuwa biashara. Sane Wadu alianza kuchora miaka ya 1980, na maonyesho makubwa ya kukusanya kazi za maisha yake hapa nyumbani yakafanyika 2022. Hesabu mwenyewe. Asikudanganye mtu kwamba ukiacha shule leo ukanunua rangi, kesho utajenga gorofa. Hata Sane alikuwa amesoma, akafanya kazi, ndipo akaamua akiwa mtu mzima. Msije mkaenda kwa mwalimu mkuu mkasema makala hii imewaruhusu kutoroka! Lakini niulize: ni kazi ngapi zinazolipa mara moja? Baba mwenyewe analima viazi, na kuna misimu ambapo gunia halirudishi hata pesa za mbolea. Mbona haitwi mwendawazimu?

Hapo ndipo shina la jambo lilipo. Tukiwa Kidato cha Pili tulipewa fomu za kuchagua masomo. Mimi nilitaka Sanaa na Ubunifu. Nilienda na ile fomu nyumbani, baba akaisoma hadi mwisho, akavua miwani. "Huyo mmoja ametosha," akasema. "Nyumba moja haiwezi kuwa na vichaa wawili." Akatia sahihi penye Biashara. Sikubishana naye, na simlaumu. Anataka nisihangaike, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini wiki chache baadaye ndiyo ile siku ya kutembelewa ilipofika, na nafikiri lile neno "kichaa" lilikuwa bado masikioni mwangu nilipomwona kaka akija na suruali yake. Niliogopa wenzangu wasilisikie. Ndiyo maana nikamkana.

Hebu sasa nimweleze kaka yangu vizuri, maana mlimwona mkadhani ni kibarua. Alimaliza Kidato cha Nne, hakupata alama za kwenda chuo, na karo ya kurudia haikuwepo. Alianza kwa kushika ngazi ya mzee mmoja aliyekuwa anaandika mabango. Akajifunza kusugua bati kwa msasa, kupiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, kupima herufi kwa macho ili neno lisiishie nje ya bango. Zile picha za vichwa vilivyonyolewa kwenye kinyozi cha kwetu ni zake. Huo ndio mkate wake. Lakini usiku, akirudi, anachukua kitambaa cha amerikani, anakipigilia kwenye fremu ya mbao, anakipaka rangi nyeupe ya ukutani kwanza ili kisinywe rangi, halafu anachora vitu ambavyo hakuna mteja aliyemwagiza. Amemchora mama na kikapu cha majani chai mgongoni. Amemchora shosho. Amemchora baba akiwa amelala kwenye kiti huku redio inaongea peke yake.

Ile picha ya baba imetundikwa sebuleni, na baba hajawahi kusema neno juu yake, zuri wala baya. Lakini likizo ya Desemba mvua ilinyesha usiku, na bati letu linavuja upande huo. Niliamka nikamkuta baba amesimama na tochi. Alikuwa ameitoa ile picha msumarini, anaipangusa kwa shati lake. Aliponiona akasema, "Nenda ulale." Asubuhi picha ilikuwa imetundikwa ukuta wa pili, pasipovuja.

Msomaji, mtu hapangusi upuuzi usiku wa manane kwa shati lake.

Naomba basi mambo matatu. Kwa wazazi na walezi: msiwalazimishe watoto kuchora, lakini msiwaite vichaa. Mtaala mpya umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za masomo katika sekondari ya juu. Wadogo zetu watakuja na fomu kama yangu, na neno moja la mzazi jioni moja linaweza kufunga mlango ambao serikali imeufungua.

Kwa wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili: sisi ndio tunaopaswa kuelewa jambo hili kuliko wote. Shaaban Robert, ambaye picha yake imebandikwa ukutani mwa darasa letu, alikuwa karani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni. Hakuna chuo kilichompa shahada ya ushairi kwanza ndipo akaanza kutunga. Alisikiliza lugha ya watu wake akaandika. Karani wa forodha akawa mwandishi, karani wa mahakama akawa mchoraji. Yule wa kwanza tunamheshimu kwa sababu ameingia kwenye mitihani. Je, tutangoja mpaka kaka zetu waingie kwenye mitihani ndipo tuwaheshimu?

Na kwa wewe unayechora nyuma ya daftari la Hisabati wakati mwalimu amegeuka: chora, lakini usijidanganye. Angalia nyumbani kwenu kabla ya kuangalia kalenda. Tumia ulichonacho, hata kama ni makaa ya jikoni. Tafuta mwenzako wa kukuambia ukweli. Halafu rudia kesho.

Kuhusu mimi, Biashara ninaisoma na nitaipita, Mungu akipenda. Lakini muhula huu nimemwandikia kaka barua. Sikuandika mengi. Nimemwambia kwamba siku ya kutembelewa inakaribia, na mama akishindwa tena, aje yeye. Asipate taabu ya kubadilisha nguo. Aje na ile suruali.

Na wewe rafiki yangu uliyeniuliza siku ile huyo ni nani, nilikudanganya. Ukimwona langoni usiniulize tena, kwani nitakutangulia kukuambia. Huyo ni kaka yangu. Ni mchoraji.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu